Matandazo ya Banda la Kuku na Rutuba ya Kihamba

Hotuba ya Katibu kwa wanachama na viongozi, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Waliotutangulia kusimama hapa wamekwisha eleza habari za kahawa, za mizani, za ghala na za hesabu, nasi hatuna la kuongeza katika hayo. Halmashauri ilitutaka tuchague jambo moja tu, ambalo mwanachama aweza kwenda nalo nyumbani jioni ya leo na kulianza kesho asubuhi, pasipo kungoja mkopo wala barua ya ofisi. Tumechagua jambo ambalo huenda wengine wakalicheka, nalo ni hili: kitandazwe kitu gani chini ya kuku.

Mtu aweza kuuliza, Chama cha wakulima wa kahawa kina ujamaa gani na kuku? Ujamaa upo, nao ni wa karibu. Kahawa yetu hapa mlimani imeota katika udongo ule ule tangu zamani za babu zetu. Mwaka 1925 wazee wetu wa Kilimanjaro walipoanza kuungana kuwa chama cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 umoja wao ulipoandikishwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika, kihamba kilikuwa kikilishwa na samadi ya ng'ombe, majani ya migomba na taka za nyumbani. Leo vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vimekuwa vidogo, malisho yamepungua, na nyumba nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Lakini ni nadra kuikuta nyumba isiyo na kuku. Kwa hiyo, yule anayechakura uani ndiye aliyebaki kuwa kiwanda cha mbolea cha mwenye mali kidogo.

Tena sote twakumbuka miaka ya 2021 na 2022, bei ya mbolea za viwandani ilipopanda ulimwenguni kote, hata Serikali yetu ikaanza kutoa ruzuku ya mbolea mwaka 2022. Twaishukuru ruzuku hiyo. Lakini mkulima mwenye busara hujiuliza: je, bei ikipanda tena, shamba langu litakula nini? Na hata mwenye fedha ya mfuko, mfuko ule hautii ndani ya udongo ule weusi laini unaoshika maji wakati wa kiangazi. Weusi ule hutokana na mboji.

Wazo hili si geni kwa mashamba ya kahawa. Kati ya mwaka 1924 na 1931 mtaalamu mmoja Mwingereza, Albert Howard, alifanya kazi huko Indore katika nchi ya India, akajifunza mengi kwa wakulima wa huko, kisha akaandika namna ya kupanga taka za shamba na samadi katika chungu hata zikawa mboji. Katika miaka ya 1930 namna hiyo ilifuatwa katika mashamba makubwa ya kahawa ya Kenya na Tanganyika. Wenye mashamba yale walikuwa na mazizi makubwa na vibarua wengi. Sisi hatuna hayo. Tuna banda la kuku, na swali letu ni namna banda hilo liwezavyo kufanya kazi ile ile kwa kadiri ya uwezo wetu.

Neno letu la leo, Wanachama wenzetu, laweza kusemwa kwa maneno machache. Matandazo ya banda yana kazi mbili: kazi ya kwanza ni bandani, na kazi ya pili ni shambani. Wengi wetu huyachagua kwa kazi ya kwanza tu. Hutafuta kitu kikavu, wakakitandaza, kikilowa hukitupa. Yafaa tuyachague kwa kazi zote mbili.

KAZI YA KWANZA NA YA PILI

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi kupita samadi ya ng'ombe. Sababu yake ni kwamba kuku hana mkojo wa kutoka mbali na kinyesi. Yote hutoka pamoja, na ule weupe tunaouona juu ya kinyesi ndio wenye sehemu kubwa ya naitrojeni. Weupe huo ukipata unyevu na joto hugeuka kuwa hewa ya amonia, ambayo huchoma macho na kukereketa koo. Kila mara tunapoisikia harufu hiyo bandani tukumbuke mambo mawili: macho na mapafu ya kuku yanaumia, na mbolea yetu inaruka kwenda zake. Kinyesi kikiachwa wazi juani na mvuani, hata nusu ya naitrojeni yake yaweza kupotea kabla hakijafika shambani.

Hapa ndipo matandazo yanapoingia. Jani kavu, ganda au kipande cha bua kina kaboni nyingi. Vijidudu vinavyoozesha taka huila kaboni kama sisi tulavyo ugali, na naitrojeni kwao ni mboga. Ugali bila mboga haushuki, na mboga peke yake haishibishi. Wataalamu wamepima wakaona kwamba chungu cha mboji huiva vizuri kikianza na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Kinyesi kibichi cha kuku kina sehemu 6 hadi 10 tu. Mabua makavu ya mahindi yana sehemu 60 na zaidi. Makapi ya mpunga yana karibu 100. Unga wa mbao hufika 200 hata 500. Kwa hiyo ukichanganya kinyesi na kitu kikavu kwa kadiri inayofaa, mboga na ugali hulingana.

Basi matandazo mema ni yale yenye sifa tano. Yawe yanafyonza maji. Yabaki malegevu, yasigandamane. Yaoze kwa muda unaofaa, yaani kati ya msimu mmoja na mwingine. Yasiwe na sumu wala ukungu. Na ya tano, yapatikane karibu kwa gharama ndogo, wala yasimnyang'anye mnyama mwingine chakula. Twasisitiza sifa hii ya tano, maana katika ziara zetu kwenye vyama vya msingi tumeona kwamba ndiyo inayosahauliwa kupita zote.

TUPITIE KIMOJA KIMOJA

Tuanze na mabua ya mahindi. Yakikatwa vipande vifupi, vya sentimita 3 hadi 5, hufyonza vizuri na huoza upesi. Lakini hapa kwetu mabua hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare kwa jasho jingi, nayo ni chakula cha ng'ombe wa zizini. Haifai kumlaza kuku juu ya chakula cha ng'ombe. Mwenye ng'ombe na ampe ng'ombe mabua, kisha masalio magumu ambayo ng'ombe huyaacha, yakiwa makavu, yakatwekatwe na kupelekwa bandani. Magunzi yaliyopondwa pia yafaa, maana yanafyonza sana. Yenye ukungu yasitumiwe kabisa, kwa sababu vumbi la ukungu huingia katika mapafu ya vifaranga na kuwaua, na mwenye kulifagia naye hudhurika.

La pili, majani makavu ya migomba na maganda yake. Kila kihamba kinayo, wala hayanunuliwi. Kasoro yake ni moja: yakitandazwa mazima hulala kama mkeka, maji na kinyesi vikakaa juu yake. Dawa ni kuyachana na kuyakata kwa panga. Yaliyotoka katika mgomba wenye ugonjwa wa mnyauko yasiingizwe bandani wala shambani. Tena tusiyakwangue yote kihambani, kwa sababu ardhi yenyewe inahitaji kufunikwa. Yachanganywe na majani makavu ya mgrevilea, yaliyokusanywa wakati wa jua.

La tatu, makapi ya mpunga, ambayo wengi tumezoea kuyaita pumba. Kwenye mashine za kukoboa mpunga huko chini tambarare hukusanyika malundo makubwa. Ni makavu, mepesi, na hayagandamani upesi. Kwa kazi ya kwanza ni mema sana. Kwa kazi ya pili ni mazito kidogo, kwani ganda la mpunga ni gumu na huoza polepole. Lakini hilo si baya kwa kila udongo: katika udongo wa mfinyanzi, makapi yasiyooza upesi huulegeza na kuupa hewa. Shauri letu ni kuyachanganya nusu kwa nusu na kitu kinachooza upesi, kama majani makavu au maganda ya maharage.

La nne, maganda ya kahawa. Hapa tutenganishe mambo mawili. Ganda bichi lile jekundu linalotoka katika mashine ya kumenyea nyumbani ni la maji. Halifai kabisa kuwekwa chini ya kuku, ila ni zuri sana katika chungu cha mboji. Ganda kavu la ndani, linaloondolewa kiwandani, ndilo laweza kutandazwa, likiwa kavu na lisiwe na ukungu. Wenzetu wa Uganda hutandaza maganda makavu ya kahawa katika mabanda yao kwa wingi.

La tano, mabaki ya mbao. Tofautisha maranda na unga wa mbao. Maranda, yale mapana yanayotoka katika randa ya seremala, hukaa malegevu na kufyonza vizuri. Ndiyo maana wafugaji wakubwa wanayapenda. Unga wa msumeno hugandamana ukilowa, una vumbi, na vifaranga huudona wakidhani ni chakula. Vyote viwili huoza polepole. Mtu akiuchukua unga wa mbao mbichi akaufukia shambani kabla haujaoza, vijidudu vitatafuta naitrojeni katika udongo na kuunyima mmea. Shamba litageuka manjano badala ya kunawiri. Kwa hiyo mwenye kutumia maranda na ajue kwamba chungu chake kitataka muda mrefu zaidi, na kinyesi kingi zaidi.

Tena lipo onyo kubwa. Mbao na nguzo nyingine zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa nyingine za namna hiyo zina shaba, kromiamu na aseniki. Sumu hizo haziozi. Zikiingia bandani kuku hudona, na zikiingia kihambani hubaki humo. Kabla hujachukua gunia kwa seremala, muulize: mbao hii ilitiwa dawa? Asipojua, liache gunia lake.

Watu wametuuliza pia juu ya mchanga. Mchanga ni mkavu na hufagilika, lakini hauozi, wala hauna kaboni ya kuishika naitrojeni. Ukipelekwa shambani umepeleka mchanga shambani.

HABARI YA MAJIVU

Ipo desturi ya kumwaga majivu juu ya kinyesi ili kuua utitiri na kukausha sakafu. Nia yake ni njema, lakini majivu na chokaa vikikutana na kinyesi kibichi huifukuza naitrojeni itoke kwa wingi iwe amonia. Wanaoamka na kusikia harufu kali baada ya kumwaga majivu wasishangae. Majivu yana nafasi yake: yatiwe ndani ya sanduku au karai kavu pembeni mwa banda, yakichanganywa na udongo mkavu, kuku wenyewe waoge humo. Hivyo utitiri utapungua na mbolea itasalimika.

KUTUNZA BANDA

Tandaza kwanza kina cha sentimita 8 hadi 10. Kila siku chache geuza kwa reki au uma, hasa chini ya fito wanakolala, na ongeza matandazo makavu kidogo kidogo. Chombo cha maji kiinuliwe kifike usawa wa mgongo wa kuku, kwa sababu maji yanayomwagika ndiyo adui mkubwa wa banda. Paa lisivuje, na juu ya kuta pawe na nafasi ya hewa kupita.

Ili kupima unyevu huhitaji chombo cha kununua. Shika konzi ya matandazo, uifinye, kisha ufungue mkono. Ikimeguka polepole, hali ni njema. Ikibaki donge, ni mbichi mno, ongeza kikavu. Ikipeperuka kama vumbi, imekauka kupita kiasi. Na kwa kupima hewa, usisimame tu mlangoni. Inama, pua yako ifike pale pua ya kuku ilipo, ukae hivyo kitambo. Macho yakikuwasha wewe kwa dakika moja, fikiri yule anayelala humo usiku kucha.

Unyevu huleta pia ugonjwa wa kuhara damu. Mayai ya vijidudu vya ugonjwa huo hutoka na kinyesi, na yakipata unyevu, joto na hewa huwa tayari kuambukiza kwa siku moja au mbili. Banda kavu huyapunguzia nguvu. Kwa hiyo matandazo mema yanalinda kuku kwanza, kabla hayajalisha shamba.

KUTENGENEZA CHUNGU

Kuku 20 wakubwa wanaofungiwa mchana na usiku hutoa kadiri ya kilo 2 za kinyesi kibichi kila siku, yaani zaidi ya kilo 700 kwa mwaka. Wa kienyeji wanaotembea mchana huacha bandani kile cha usiku tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mvua zetu za masika huanza Machi. Mboji yataka miezi mitatu hivi, na zaidi ikiwa kuna maranda au makapi mengi. Kwa hiyo wakati mwema wa kulisafisha banda ni Novemba au mwanzo wa Desemba, wakati ambao maganda mabichi ya kahawa bado yapo. Panga chungu chenye upana wa mita 1 na nusu na kimo cha mita 1 au zaidi kidogo, mahali penye kivuli, mbali na kisima na mfereji. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Kisha panga tabaka: taka za banda, majani makavu, maganda ya kahawa, na udongo kidogo. Ikiwa matandazo yamejaa kinyesi, tia madebe 2 hadi 3 ya vitu vikavu kwa debe 1 la kinyesi. Ikiwa matandazo ni mengi na kinyesi ni kidogo, huhitaji kuongeza kikavu; ongeza maganda mabichi ya kahawa au majani mabichi. Nyunyizia maji mpaka yawe kama nguo iliyokamuliwa, kisha funika kwa majani ya migomba.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika kwa raha, kazi imeanza. Joto la nyuzi 55 za Selsiasi likidumu siku 3 au zaidi huua vijidudu vingi vya maradhi na mbegu nyingi za magugu. Lakini pembeni mwa chungu hapapati joto hilo. Ndiyo maana chungu hugeuzwa, cha nje kiende ndani na cha ndani kitoke nje. Geuza baada ya wiki 2, kisha baada ya wiki 3, kisha kila mwezi. Fimbo ikibaki baridi mwanzoni, ama maji hayatoshi ama kinyesi hakitoshi. Chungu kikinuka amonia, ongeza kikavu. Kikinuka uvundo wa kinamasi, kimekosa hewa, kigeuze.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, yanukia kama udongo wa msituni, wala huwezi kutambua kinyesi kilikuwa kipi. Tia debe 1 kwa kila mche wa kahawa, kuzunguka mahali matawi yanapoishia, isishikane na shina. Taka mbichi za banda zisitiwe katika mboga zinazoliwa bila kupikwa, kwani huweza kubeba maradhi ya tumbo. Huko Marekani, sheria za kilimo cha asili humtaka mkulima angoje siku 120 tangu kutia samadi mbichi mpaka kuvuna mazao yanayogusa udongo. Nasi tusiwe wazembe kupita hao.

Hatusemi kwamba mboji ya kuku itatosha kihamba kizima. Kwa wengi haitatosha. Lakini miche iliyopata mboji huishika vizuri hata mbolea ile ya mfuko, na mfuko mmoja hufanya kazi ambayo kwanza ilitaka zaidi.

MAMBO YANAYOTUHUSU KAMA CHAMA

Sasa twaomba ruhusa, Bwana Mwenyekiti, tuseme yale yasiyomhusu mtu mmoja tu bali Ushirika wetu.

La kwanza, wapo wafanyabiashara wanaopanda mlimani kununua taka za mabanda kwa gunia, wakazipeleka kwenye mashamba ya mboga. Hatumkatazi mwanachama kuuza mali yake. Lakini twaomba kila nyumba ifanye hesabu kwa kalamu: gunia hili nauza kwa kiasi gani, na msimu ujao nitanunua mbolea kwa kiasi gani? Mwenye kuuza rutuba kwa bei ya taka, kisha akakopa kununua rutuba kwa bei ya duka, huyo anafanya kazi kwa ajili ya wengine. Kahawa ishibe kwanza. Kinachobaki ndicho kiuzwe. Tena kikiuzwa, kiuzwe kupitia chama cha msingi, kwa bei moja, kama tunavyouza kahawa.

La pili, lori linaloteremsha kahawa yetu kwenda kiwandani Moshi hushuka limejaa na hupanda tupu. Mafuta ya kupanda tumekwisha yalipa. Huko tambarare makapi ya mpunga yamelala katika malundo, na kiwandani maganda makavu ya kahawa yetu wenyewe yanabaki. Twapendekeza kwamba vyama vya msingi viandike mahitaji ya wanachama kabla ya msimu, ili lori lirudi na matandazo. Mkulima mmoja hawezi kukodi lori kwa ajili ya magunia 4. Wakulima 50 wanaweza. Hiyo ndiyo maana ya Ushirika, nayo haitaki sheria mpya.

La tatu, twapendekeza kila chama cha msingi kitengeneze chungu kimoja cha maonyesho karibu na mizani, kiwe na daftari lake: tarehe kilipopangwa, matandazo gani yalitumika, kiligeuzwa lini, kiliiva lini. Mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya misimu miwili tutajua, kwa macho yetu na katika udongo wetu, ni mchanganyiko upi unaofaa juu mlimani na upi unaofaa chini.

La nne, na hili twalisema kwa heshima mbele ya Wazee wetu. Katika nyumba nyingi, jina lililoandikwa katika daftari la Chama ni la baba, bali mwenye kufagia banda ni mama. Yeye ndiye ajuaye ni siku ipi matandazo yalilowa, na ni kuku yupi aliyezubaa. Tukimwita baba peke yake katika mafunzo haya tutakuwa tumemfundisha asiyeshika reki. Kwa hiyo twaomba mafunzo ya mboji yahudhuriwe na mama wa nyumba, awe mwanachama kwa jina au asiwe. Na vyama vya msingi vifikirie kuwaandika kina mama kuwa wanachama kwa haki yao wenyewe. Tena mboji ikizidisha kahawa, mwenye kuibeba kichwani mpaka kihambani asisahauliwe siku ya malipo.

Wanachama wenzetu, wazee wetu hapa wanakumbuka kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kwamba sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Chama chaweza kuvunjwa kwa amri, na kwa amri chaweza kusimamishwa tena. Udongo si hivyo. Ukichoka, hakuna waraka wa kuuamuru uzae. Hurudishwa kwa debe moja moja, mwaka baada ya mwaka, na mtu aliyeona thamani katika kile ambacho jirani yake amekitupa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Twaomba radhi kwao, maana akiba hii yetu ni lazima ioze, tena ioze vizuri, ndipo izae. Tunapoingia katika miaka mingine kumi, kila mmoja wetu na ainame leo jioni katika banda lake, ashike konzi moja ya kile kilichomo chini ya kuku, aifinye, ainuse, ajiulize: hiki kitaulisha mche wangu?